Mara Mia Usoni Kwake: Asia Maneno na Pinde za Matombo

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu bado umekalia migomba ya kitongoji cha Lukwele, juu ya Matombo, na Asia Maneno amesimama uani kwake anahesabu.

Sitini na saba. Anavuta upinde mpaka ugwe unamgusa pembeni mwa mdomo, anaushikilia hapo kwa pumzi moja, kisha anaurudisha taratibu. Hauachii ghafla. Upinde ukiachiwa bila mshale unajipasua wenyewe, na hilo hata watoto wa Lukwele wanalijua. Sitini na nane.

"Dada, chai inapoa!" anaita Hafidha, mdogo wake, kutoka jikoni.

"Iache ipoe."

"Na magimbi nayo?"

"Hafidha, utanipotezea hesabu!"

Hesabu haipotei. Sitini na tisa.

Asia ana miaka 53, mama wa watoto watatu, na ni fundi wa pinde. Si zile pinde za mapambo za kutundika kwenye kuta za hoteli. Hizo hana muda nazo. Yeye anatengeneza pinde ndefu za kurushia mishale kwelikweli, nyingine ndefu kuliko yeye mwenyewe, kwa shoka, tezo, kisu na kipande cha chupa. Na kila upinde, kabla haujatoka kwenye ua huu, anauvuta mara mia moja, uso wake ukiwa pale pale utakapokuwa uso wa mnunuzi.

"Kama una nia ya kuvunjika, uvunjikie usoni kwangu," anasema. "Siyo usoni kwa mtoto wa mtu."

Maneno hayo hayakumjia hivihivi. Yanatokana na mambo ya mwezi wa sita mwaka huu, na leo, Jumamosi, ndiyo siku ya kujua mambo hayo yataishia wapi. Saa nne anategemea wageni wawili kutoka Morogoro mjini: Mwalimu Evance, kocha wa klabu ya kulenga shabaha kwa upinde, na Kristina, nahodha wa klabu hiyo. Wanakuja kuchagua. Ama watachukua pinde za Asia kwa wachezaji wao wote kumi na wawili, kwa mtindo watakaoupenda, ama watashuka mikono mitupu na klabu iagize pinde za kiwandani kutoka ng'ambo.

Kristina ndiye binti ambaye upinde wa Asia ulimvunjikia mkononi.

Ufundi huu Asia aliupata kwa mjomba wake, marehemu Mzee Pazi, aliyejulikana kuanzia Matombo hadi mabondeni kwa pinde zake. Kwa Waluguru, ukoo wa mtu, lukolo, hupitia kwa mama. Mwanamume mwenye jambo la kurithisha hakumpa mwanawe wa kumzaa, kwa kuwa huyo ni wa ukoo wa mama yake. Alimpa mtoto wa dada yake. Mzee Pazi alikuwa na wana wanne, vijana wa miraba minne, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kugusa tezo lake.

Kasheshe ni kwamba dada yake, mama yake Asia, alizaa wasichana watupu. Watatu.

"Mjomba alisubiri weee, akitegemea mama ataleta wa kiume," Asia anasimulia huku akicheka. "Mama akasema mimi nimemaliza. Basi siku moja mjomba akaja, akatupanga hapa sisi watatu, akatutazama kama mtu aliyeenda mnadani kununua mbuzi. Akasema, wewe mwenye mikono mipana, inuka."

Mwenye mikono mipana alikuwa na miaka 24, ndiyo kwanza ameolewa. Kitongoji kizima kikapata la kuzungumza. Mwanamke na upinde wapi na wapi? Mumewe, Abeid, mkulima wa ndizi na pilipili manga, hafichi alivyoona siku hizo.

"Mimi nilioa mke, nikaletewa fundi," anasema Abeid, naye anacheka. "Nisikudanganye, nilinuna mwaka mzima. Sasa hivi mtu akija kuulizia pinde nikampokea mimi, ananiuliza, wewe ndiye mume wa fundi? Nami najibu ndiyo, kifua mbele."

Mwaka wa kwanza Asia hakuruhusiwa kushika chombo. Kazi yake ilikuwa kupanda mlima na kutazama miti.

Sababu yake ni hii. Huku milimani hakuna mti unaosimama kwenye tambarare. Kila mti umeota kwenye mteremko, na maisha yake yote unajivuta usianguke bondeni. Upande wake unaotazama kilele umezoea kuvutwa. Upande unaotazama bonde umezoea kubanwa. Upinde nao ni hivyo hivyo: mgongo wake, ule upande wa mbele unaotazama shabaha, huvutwa, tumbo lake, upande wa mpigaji, hubanwa. Kwa hiyo fundi wa Uluguru, kabla hajakata mti anatia alama upande wa kilele, ili hata mti ukae darini miezi sita ukikauka, ajue mgongo ni upi.

"Mjomba alikuwa anatia alama kwa panga. Chwa! Mkato mmoja, hauondoki," anasema Asia. "Mimi nikajifanya mjanja."

Hapo sauti yake inashuka. Anachukua kikombe cha chai iliyopoa, anakunywa, anakirudisha.

Novemba mwaka jana alikuta mti wa mkole kwenye shamba la ukoo wao, mmoja kati ya mia mbili na kitu aliyoipanda kwa mikono yake ili asiguse miti ya hifadhi. Mti ulikuwa umenyooka, hauna fundo wala jeraha. Aliupenda mno. Aliona uchungu kuutia panga kwenye ngozi, akaupaka alama ya mkaa. Akaukata, akaubeba begani kushuka nao nyumbani, na njiani mvua ya vuli ikampiga. Alipofika alama haikuwepo.

"Ningeuacha uwe kuni," anasema. "Lakini niliutamani. Nikaugeuza, nikautazama huku na huku, nikasema mgongo ni huu. Nilikisia. Miaka ishirini na tisa ya kazi, nikakisia."

Mti ule ukawa upinde mmoja kati ya sita ambazo klabu ya mjini ilikuwa imemwagiza kwa majaribio. Ulikuwa mzuri kuliko wenzake wote. Ndiyo maana akapewa nahodha.

Kristina ni mwanafunzi wa chuo, miaka 22, mzaliwa wa Singida, binti mwenye maneno machache na jicho kali. Jioni moja ya mwezi wa sita aliuvuta upinde ule uwanjani mbele ya wenzake, ukakatika. Kipande kilimpiga juu ya jicho la kulia. Alishonwa nyuzi tano.

Na lawama zote zikamwangukia yeye. Wakasema ana papara. Wakasema amevuta kupita kiasi, anajiona. Mwalimu Evance akamsimamisha mazoezi mwezi mzima na unahodha akampa mwingine.

"Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa," anakiri Evance. "Pinde tano zilikuwa nzima, mmoja umevunjika. Mtu yeyote angedhani tatizo ni mvutaji."

Vile vipande viwili vilipandishwa Lukwele na bodaboda, vimefungwa kamba, na salamu kwamba mama asijali, kosa ni la mchezaji. Asia alivifungua kwenye mkeka. Upinde uliovutwa kupita kiasi hupasuka kwa nyuzinyuzi ndefu, kama muwa. Huu ulikuwa umekatika kwa mkupuo, wazi, kama muhogo mkavu. Hakuhitaji kuambiwa. Mgongo ulikuwa tumbo, na tumbo mgongo.

Hakuna mtu mwingine mjini au mlimani ambaye angeweza kuligundua hilo. Wazee waliolijua wote wameshatangulia mbele ya haki. Angeweza kunyamaza, na jina lake likabaki safi.

"Siku mbili chakula hakipiti," anasema Hafidha. "Namuuliza dada una nini, ananijibu, sina kitu. Siku ya tatu nikamkuta amevaa viatu vya safari."

Alishuka na gari la asubuhi, akateremka stendi ya Msamvu, akaenda kwa miguu hadi uwanjani, vipande vimefungwa ndani ya kanga. Akasimama mbele ya klabu nzima. Akawaonyesha palipokatika, akawaeleza habari ya mteremko, ya mkaa na ya mvua. Akasema, huyu binti hana kosa hata la kusingiziwa, kosa ni langu mimi fundi. Kisha akamgeukia Kristina, mtu mzima na mvi zake, akamwomba radhi.

Kristina alirudishiwa unahodha siku hiyo hiyo. Asia yeye alirudi mlimani na zile pinde tano zilizobaki.

Ukweli ule ulimgharimu. Habari zilisambaa kwamba pinde za yule mama wa Matombo zinavunjika, na waliosambaza hawakuwa na haja ya kusimulia zilizobaki. Kikundi cha ngoma kilichoagiza pinde nane kikaahirisha. Kwa kawaida huuza pinde tatu au nne kwa mwezi, kati ya shilingi 45,000 na 80,000 kila mmoja. Tangu Julai hadi leo ameuza mmoja tu. Wamekula ndizi na pilipili manga za Abeid, na Asia hakuacha kazi hata siku moja.

"Mjomba hakuniachia shamba wala nyumba, aliniachia jina," anasema. "Nililitia doa mwenyewe, basi nitalisafisha mwenyewe. Nisipolisafisha leo, sijui kama nitapata nafasi nyingine."

Ndipo likaja hili la kuvuta mara mia. Mzee Pazi alivuta mara kumi akaridhika. Asia aliona kumi hazimtoshi tena.

Saa nne kasorobo pikipiki mbili zinasikika zikipambana na mawe ya njia. Hafidha anakimbilia mkeka. Asia anajifuta mikono kwenye kanga, anajitengeneza kilemba, anakaa, anasimama tena.

"Tulia, dada. Wanakuja kununua, hawaji kuposa," Hafidha anamtania.

"Ungejua, kuposwa ni rahisi."

Wageni wanaingia uani wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, mama," wanasema kwa pamoja. "Marahaba, wanangu. Poleni na njia." Juu ya jicho la Kristina kovu linaonekana, jembamba, jeusi kidogo kuliko ngozi yake. Asia analitazama mara moja tu, halafu hatazami tena.

Magimbi yanaliwa, chai ya mdalasini inanywewa, habari za mjini na za shamba zinaulizwa mpaka zinaisha. Ndipo Asia anazileta pinde tatu na kuzilaza kwenye mkeka, mmoja mmoja, kila mmoja wa mtindo wake.

Wa kwanza ni wa mti mzima, mtindo wa Mzee Pazi. Ni mkole mmoja usiounganishwa na kitu, mviringo kwa tumbo, urefu wa kimo cha mtu na shubiri juu yake. Hauna makuu. Unaweza kuuacha pembeni ya jiko, kuloweshwa na mvua, kusahauliwa mwezi, na ukiuchukua unafanya kazi. Lakini ni mzito kuvuta na unarusha teke mkononi, unataka mtu mwenye bega.

Wa pili ni bapa. Mikono yake imepanuliwa kama mwiko wa ugali, imebanwa katikati pa kushikia. Huu unavutika laini na hautikisi mkono, ila kuuchonga kunachukua siku nne zaidi, na ukilowa unalegea mpaka ukauke.

Wa tatu ni wa mwanzi. Tumbo ni mkole, mgongo ni ubao mwembamba wa mwanzi uliogandishwa kwa gundi. Ni mwepesi, una kasi ya ajabu, na macho yanaupenda. Kasoro yake ni gundi. Ukiusahau juani mchana mmoja umekwisha.

"Huu wa mwanzi ni moto," Evance anasema mara tu anapoushika. "Mama, tungechukua kumi na mbili za namna hii. Klabu inataka mtindo mmoja, wachezaji wote sare."

"Sare ni ya shule, mwalimu."

Evance anacheka. Asia hacheki.

"Sikutanii. Una watu kumi na wawili, wana mabega kumi na mawili. Wewe mwenyewe umesema kuna binti mdogo wa umbo na kuna bwana mnene. Nikiwapa upinde mmoja wa aina moja, mmoja ataumia na mwingine atanisema. Kila mtu aje apimwe, ajaribu zote tatu, aondoke na unaomfaa. Kama hamtaki hivyo, nendeni tu salama, sitakasirika."

Hafidha, aliyekuwa anakusanya vikombe, anasimama kama aliyemwagiwa maji. Miezi mitatu hakuna wateja, na dada yake anawafukuza waliopo! Anakohoa. Asia anajifanya hajasikia.

"Haya," anasema Evance, akiurudisha ule wa mwanzi mkekani. "Lakini klabu ilishakubaliana jambo moja. Nahodha ndiye wa kwanza kuchagua. Yeye ndiye aliyeumia. Akichagua, na sisi tunafuata. Akikataa, mama utatusamehe."

Wote wanamtazama Kristina.

Binti anavua koti. Asia anampima, kutoka kifuani hadi ncha za vidole, mikono ikiwa imenyooshwa mbele. Anamgusa bega, anamwambia avute pumzi. Kisha anarudi nyuma, anamwachia mkeka.

Kristina anaupita wa mwanzi. Anaupita bapa. Anainama, anauokota upinde wa mti mzima.

Miezi mitatu Asia alikuwa ameliomba hilo. Kila alipovuta na kuhesabu, picha aliyoiona mbele ya macho yake ilikuwa hiyo hiyo: yule binti ameshika upinde wa mjomba, mtindo ule ule uliomtia kovu, bila kuogopa. Sasa ipo uani kwake, mchana kweupe. Machozi yanamlengalenga.

Kristina anatia mshale, anavuta. Ugwe unafika nusu, unapita nusu kidogo, unakwama. Mkono wa kushoto unatetemeka. Bega linapanda juu sikioni. Anajikaza kisabuni, anausogeza kidogo zaidi, anaachia. Mshale unapita juu ya gunia lililoshindiliwa majani makavu ya migomba, unapotelea kwenye miti ya kahawa.

"Nachukua huu," anasema, anahema. "Nitauzoea."

Evance ameshatoa daftari. Hafidha anashusha pumzi. Kinachotakiwa sasa ni Asia kunyamaza tu.

"Ulete," anasema Asia.

Anaupokea upinde, anauegemeza ukutani.

"Huu siyo wako."

"Lakini mama, nimeupenda."

"Umenipenda mimi. Upinde hujaupenda."

Kristina anainamisha kichwa. Anapoinua uso, sauti yake ni ndogo. "Ulishuka mlima kwa ajili yangu. Wenzangu wote walinigeuka, hata mwalimu. Wewe ungeweza kukaa kimya."

"Nilishuka kusema lililotokea. Hilo halilipwi, mwanangu, na hasa halilipwi kwa bega lako. Ukiuchukua huu utaumia pole pole, ikifika miezi miwili huwezi kuinua ndoo. Halafu utaniambia mama hakuna neno, kwa vile una moyo mzuri. Mimi nikuumize mara mbili? Ng'o!"

Anachukua upinde bapa na kumpa kwa mikono miwili.

"Nimeshauvuta mara mia," anamwambia. "Jana jioni, na tena leo asubuhi."

"Najua. Sasa nauvuta mimi."

Kristina anavuta bila kutia mshale. Anaufikisha ugwe mpaka pembeni mwa mdomo, mkono wa juu wa upinde ukiinama karibu na kovu lake, na hapo anaushikilia. Hafungi macho. Bega limetulia, mkono hautetemeki. Abeid aliyesimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani amesahau kuutua. Kisha binti anaurudisha taratibu, kama alivyofundishwa, na anacheka kicheko ambacho Evance anasema hajawahi kukisikia uwanjani.

Mshale wa kwanza unagusa ukingo wa gunia. Wa pili unaingia. Wa tatu unaingia shubiri moja kutoka katikati.

"Huu," anasema Kristina.

"Huo," anasema Asia.

Evance anafungua daftari kwa mara ya pili. Wachezaji watapanda Lukwele kwa makundi, Jumamosi tatu mfululizo, kila mmoja apimwe na achague. Asia anakisia, na safari hii ana haki ya kukisia, kwamba bapa itachukua watu sita au saba, mwanzi wanne, na yule bwana mnene ataondoka na mti mzima akiimba. Miti iliyokauka ipo ya kutosha, yote ina mkato wa panga upande wa kilele. Mwakani, kiangazi, anataka kuanza kuwafundisha watoto wa Hafidha, wawili wa kike na mmoja wa kiume, pamoja na binti yake wa mwisho. Haoni tena taabu aliyoiona mjomba wake.

"Yeye alihangaika kutafuta mpwa," anasema. "Mimi mwanamke, ninaowazaa ndio ukoo wenyewe. Nachagua tu mwenye mikono mipana."

Wageni wanajiandaa kuondoka. Kristina ameshafunga upinde wake kwenye kanga aliyoazimwa na Hafidha. Anasita, anaugeukia ule wa mti mzima ulioegemezwa ukutani.

"Na wewe, mama, wako ni upi?"

"Wangu?"

"Upinde wako."

Asia anatazama viganja vyake. Miaka ishirini na tisa. Pinde zaidi ya elfu moja zimepita kwenye mikono hii, zimeenda Dodoma, Iringa, Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja uliobaki uwe wake. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakujiuliza.

"Wangu wa nini, mwanangu?"

"Mashindano ya Disemba yana kundi la wanawake," Kristina anasema. "Umri si hoja. Eti mwalimu?"

"Si hoja," Evance anajibu, anatazama daftari lake. "Ila majina yanafungwa Ijumaa."

Asia anacheka, anamtazama Abeid. Abeid anautua mkungu. "Mimi nishanuna mwaka mzima, inatosha," anasema. "Nenda."

Anauchukua ule wa mti mzima. Wakati Kristina akivuta ulionekana mzito na mkaidi. Mkononi mwa Asia umekaa kama ulikuwa unamsubiri. Anasimama kwenye mstari, mguu wa kushoto mbele, pekupeku. Anavuta, na safari hii hahesabu. Anaachia.

Gunia linatoa vumbi. Mshale umeingia katikati, umezama hadi kwenye manyoya.

Vigelegele vya Hafidha vinavuka migomba hadi kwa majirani. Kristina anaruka ruka kama mtoto. Asia yeye anabaki amesimama pale pale, upinde umeteremka ubavuni, anatazama alikopiga.

"Niandike," anasema.

Evance anatoa fomu kwenye mkoba, anaiweka juu ya goti. "Jina, Asia Maneno. Umri, hamsini na tatu. Anakotoka, Lukwele." Kalamu inasimama. "Kazi?"

Kadi ya kliniki, ya benki, ya kila ofisi aliyowahi kuingia, kwenye zote walimwandikia mkulima bila kumuuliza, naye akaziacha hivyo hivyo.

"Fundi," anasema Asia. "Andika fundi wa pinde."

Kisha anasogea, anainama juu ya bega la mwalimu, na anasubiri hapo mpaka ameona imeandikwa.